Kijaluba cha Sufuria

Jumamosi hiyo ya Februari, mwaka wa tisini na tisa, duka la Fatemabai katika Ndia Kuu lilijaa watu mpaka kizingitini. Mafundi walitaka misumari, akina mama walitaka bawaba na kufuli, na joto la kaskazi lilikuwa limewalowesha wote migongo. Katikati yao alisimama Chonga Kingi, kijana mrefu wa shati jeupe lililopigwa pasi, amekumbatia hita iliyong'olewa kwenye Datsun kuukuu.

Nyevu aliingia na vifuniko vya sufuria vilivyofungwa kwa kamba. Alivaa gauni la manjano lenye vifungo vyeupe, leso kiunoni. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wenye maduka sufuria alizosubu mjomba wake Baya kwa alumini chakavu iliyoyeyushwa kule Kibarani. Alipoiona ile hita, ulimi ukamshinda.

"Kaka, Mombasa nzima inatokwa jasho, wewe umekumbatia mtambo wa joto?"

Watu wakacheka. Chonga naye akacheka.

"Dada, hakuna dereva wa Mombasa aliyewahi kuiwasha. Ndiyo maana bado mpya."

Akamweleza, huku foleni ikisogea. Alifundisha kompyuta jioni kule Buxton, darasa la watu wazima waliokosa shule. Kompyuta ilikuwa moja, naye alikuwa ameiongezea kasi kuliko ilivyoundwa, ili iwatoshe wote. Lakini prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, ilipata moto hadi mashine ikajizima, na wanafunzi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Feni ilipuliza joto lile lile. Sasa alitaka maji: pampu ya tangi la samaki iyasukume, yapite juu ya prosesa, yakapoe ndani ya hita, kisha yarudi. Kilichokosekana ni kijisanduku cha chuma chenye uwazi ndani, cha kukaa juu ya prosesa na kuyapa maji joto lake.

"Kama kijaluba cha tambuu," alisema Fatemabai, na jina likabaki hilo.

Je, kiwe cha shaba nyekundu au cha alumini? Shaba huchukua joto upesi zaidi, lakini ni nzito na ngumu kuchimba. Alumini ni nyepesi na husubika kwa urahisi. Fatemabai akaweka kipande kinene cha shaba juu ya kaunta. Chonga akakipapasa, akaomba awekewe kwanza.

Nyevu alikuwa ameacha kucheka. "Na mtu aliyeishia darasa la sita," aliuliza kwa sauti ndogo, "anapokewa huko?"

"Huyo ndiye tunayemngoja."

Nyevu alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mama yake alipofariki, aliacha shule awalee wadogo zake. Jioni ya kwanza aliweka vidole juu ya herufi kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Chonga hakumharakisha. Alipokosea alimwonyesha tena, na tena, bila kushusha pumzi. Usiku Nyevu alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kila neno aliloliandika siku hiyo.

Baada ya darasa walianza kutembea pamoja mpaka stendi. Kisha zikaanza simu. Chonga alipiga katika duka lililopakana na karakana ya Baya, mwenye duka akapaaza sauti, na Nyevu akaja mbio na masizi mikononi.

"Mwalimu, umenitoa kazini kwa jambo gani?"

"Nakuuliza hali."

"Hali uliiuliza jana."

"Ya jana imekwisha, moyo wangu. Nataka ya leo."

Nyevu akageukia ukuta, mwenye duka asimwone uso. "Ya leo ni nzuri zaidi," akasema, akakata simu.

Jioni moja ya Machi alikuja na kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha leso, akakiweka mbele ya mwalimu. Kilikuwa kijaluba cha alumini, chenye midomo miwili ya kupitishia maji. Uso wa chini ulikuwa umesuguliwa kwa msasa juu ya kioo mpaka mtu akajiona.

Chonga alikigeuzageuza, akasifu kazi. Kisha ualimu ukamtangulia. Akaliambia darasa kwamba ndani ya hita yao mna shaba, na shaba na alumini zikipitiwa na maji yale yale, alumini huliwa kidogo kidogo hata itoboke. Kwa hiyo hiki hakiwafai. Shaba ya Fatemabai alikwisha kuichukua, na fundi angeanza kuichimba wiki ile. Upepo ulipoingia dirishani na kurusha karatasi, alikiweka kijaluba juu yazo kuzizuia.

Alilolisema lilikuwa kweli. Lakini hakuuliza kimetoka wapi.

Nyevu alimaliza mstari wake, akafunga daftari, akaondoka. Darasa lililofuata hakuja. Simu ilipopigwa, mwenye duka alijibu kwamba Nyevu ana kazi. Ilipopigwa tena, alijibu vivyo hivyo.

Chonga alidhani amechukia kusahihishwa mbele za watu. Jumapili, baada ya ibada, akaenda Kibarani na suti yake ya kanisani. Baya alimpokea vizuri, akampa kigoda, akamwuliza habari za wazee wake. Kisha akasema, "Mwanangu, nasikia sufuria ya marehemu dada yangu inazuia karatasi."

Chonga hakuelewa. Baya akamsimulia polepole. Ile sufuria ndiyo iliyowalea watoto wote wa nyumba ile. Mtoto akichelewa, mama yao aliiacha karibu na jiko, na aliyerudi aliweka kiganja juu yake: ikiwa vuguvugu, alijua amengojewa. Ilipotoboka, Nyevu hakukubali izibwe wala iuzwe. Ilikaa chini ya kitanda chake miaka yote hiyo, mpaka alipoileta mwenyewe tanurini iyeyushwe iwe kijaluba.

"Nilimwambia alumini imejaa hapa, achukue yoyote. Akasema, 'Mjomba, yule mtu amenipa nilichokikosa. Sitamshukuru kwa chuma cha jalalani.'"

Chonga aliinamisha kichwa. Baya hakumkaripia. Alisema tu kwamba kama hakifai, hakifai, lakini arudishiwe mwenyewe.

Njiani Chonga aliomba. Mungu wangu, nilipewa, nami nikapima. Nisamehe. Na alipokuwa akiomba lilimjia jambo jepesi mno hata akasimama katikati ya njia. Siku zote aliuliza ni kijaluba kipi kinachoifaa hita. Hakuwahi kuuliza ni hita ipi inayokifaa kijaluba.

Aliwazunguka wauza vipuri mpaka akapata hita ya gari jipya zaidi, ya alumini tupu yenye ncha za plastiki. Akanunua maji ya betri, maana ya visima vya Mji wa Kale yana chumvi. Kisha akamrudishia Fatemabai shaba yake, ambayo fundi alikuwa bado hajaigusa.

"Umenishikia shaba mwezi mzima, sasa huitaki?"

"Nimepata kilicho bora, Bai."

"Bora kwa joto?"

"Kwa joto, shaba ni bora."

Fatemabai alimtazama juu ya miwani, akatabasamu. "Haya. Siku yenyewe ikifika, biriani ni juu yangu."

Safari hii, alipopiga simu, Chonga alimwambia mwenye duka kwamba hatakata simu mpaka Nyevu aje. Akaja.

"Mjomba ameniambia," alisema Chonga. "Nisamehe. Kijaluba chako kimo ndani ya kompyuta."

"Si ulisema kitaliwa na shaba?"

"Hakuna shaba tena. Nimetoa ile hita, nimetia ya alumini."

"Umebomoa kazi yako yote kwa ajili ya sufuria iliyotoboka?"

"Kwa ajili ya aliyenipa."

Jioni hiyo alikuja na gauni la buluu, nywele zimesukwa upya. Mashine ilikuwa imewaka tangu adhuhuri bila kujizima. Wanafunzi walipokwisha kuagana, Chonga alisimama kando ya meza, mikono nyuma.

"Nataka kuwatuma wazee wangu kwa mjomba Baya. Nisipojua jibu lako, siwatumi."

Nyevu alipenyeza mkono ubavuni mwa kompyuta iliyokuwa wazi, akaweka kiganja juu ya kijaluba. Kilikuwa vuguvugu.

"Waje," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini kwanza mshukuru Mama."

Chonga akaweka kiganja chake kando ya cha Nyevu, akainamisha kichwa, akashukuru.