Aliyesoma kwa Sauti ya Mumewe

"Leo shusha sauti, Suyin. Jana ulipanda juu kama kuku anayetaga," Chengzhi alisema huku akifunga mkanda wa joho lake jipya.

"Unakwenda tena kwa yule mwimbaji? Kwa Hongyu?"

"Nakwenda kunywa mvinyo na wenzangu."

"Wenzako siku hizi wanapaka poda shingoni?"

Chengzhi alicheka, akamshika mkewe kidevu.

"Mama akisikia kimya ataamka. Nisitiri, mke wangu. Mtihani ukipita nitatulia."

Huyo, akatoka kwa dirisha, akaparamia ukuta wa bustani kama mwizi wa nguo.

Suyin akabaki na taa. Mama mkwe wake, Bibi Luo, alilala chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao. Mwanawe alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuwa ofisa wa serikali, na vitabu vya mtihani hughaniwa kwa sauti mpaka viingie kichwani. Bila kusikia kughani huko, bibi hapati usingizi. Masikio yake yalishaanza kuwa mazito, na Suyin alijaliwa sauti ya kukwaruza. Basi mwaka mzima alighani badala ya mumewe, na hila ikapita.

Alipomaliza vitabu vya mtihani alivirudisha rafuni, akachukua diwani ya mashairi. Hapo ndipo usiku ulipokuwa wake. Chai ilipoa, theluji ikadondoka kwenye mianzi, naye akasoma habari za mtu aliyemngoja rafiki mpaka utambi ukaisha, na rafiki hakuja. Mtu huyo alikufa karne nyingi zilizopita, lakini alimwelewa Suyin kuliko wote wa nyumba ile. Alifurahi, furaha ya kweli, ingawa machozi yalimlenga. Chengzhi ndiye aliyemfundisha mashairi hayo ndoa ilipokuwa changa, wakisoma bega kwa bega. Sasa kuyaghani kwa sauti ya mumewe ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kuwa naye.

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Mlango ukagongwa.

"Chengzhi, mwanangu."

Suyin akainuka haraka kitini.

"Usifungue, sitaki kukukatiza. Nina neno limenikaa kooni. Mkeo, najua amelala chumbani kwake, yuko nyumba hii mwaka wa tatu huu, hata dalili ya mimba hatujaiona. Sheria inaruhusu arudishwe kwao. Wewe sema ndiyo tu, kesho namwitia machela."

Suyin akaifunga diwani taratibu.

"Mbona hujibu? Humpendi, sivyo?"

Suyin akashusha sauti mpaka tumboni.

"Nampenda, Mama."

"Unampenda?"

"Sipati usingizi bila yeye. Mwache akae."



"Haya. Marehemu baba yako hakuwahi kunisemea hivyo," bibi akasema, akaburuta miguu akaenda zake.

Suyin aliuma mkono wa joho lake ili kilio kisisikike. Maneno aliyoyangoja mwaka mzima yalikuwa yamesemwa, na aliyeyasema ni yeye mwenyewe.

Alfajiri Chengzhi alirudi akinuka mvinyo. Suyin angeweza kumwonya. Alimtazama akinawa uso, akanyamaza. Alitaka kujua yeye mwenyewe angesema nini.

Asubuhi, mbele ya uji wa mchele, Bibi Luo alikuwa mpole ajabu.

"Kula, mkaza mwanangu. Jana mumeo amekutetea. Eti hapati usingizi bila wewe! Basi, mtoto tutamwomba kwa mababu."

Chengzhi akaweka bakuli chini.

"Nani kasema hivyo?"

"Wewe. Si nilikuja mlangoni kukuuliza kama nimrudishe kwao?"

Suyin alimkazia macho. Angeitikia tu, angekuwa amejisitiri na kumsitiri mkewe.

"Mimi sijasema upuuzi huo! Mrudishe, Mama, tena leo leo! Hongyu ana mimba yangu. Nilikuwa natafuta tu pa kuanzia."

Vijiti vya kulia vikamponyoka bibi.

"Kama si wewe, jana mle chumbani alikuwa nani?"

Chengzhi akagundua amejichongea.

"Ni mimi, Mama," Suyin alisema. "Jana, juzi na mwaka mzima. Mwanao anaruka ukuta kila usiku."

"Na vitabu vya mtihani?"

"Hajavifungua."

Kofi alilokula Chengzhi lilimwaga uji. Kisha bibi akamgeukia mkwewe.

"Na wewe, nyoka! Ukamficha!"

"Nilimficha, Mama. Nilimpenda."

Bibi Luo akakaa chini, akalia waziwazi.

"Usiondoke, binti yangu. Huyo mwanamke hataingia hapa. Kaa unisomee."

"Nikae kama nani, Mama? Kama sauti yake?"

Kabla ya adhuhuri Suyin aliondoka kwa miguu, katikati ya theluji, diwani kwapani. Machela aliikataa. Moyo ulimuuma njia nzima, wala hakugeuka.

Usiku ule Chengzhi, kwa woga, aliwasha taa, akafungua kitabu, akaanza kughani. Alighani vizuri tu, bila kukosea. Hakumaliza hata ukurasa mmoja, ukuta ukagongwa.

"Nyamaza," mama yake alisema. "Si sauti hiyo. Zima taa, ukalale."