Samaki Aliyeshinda Mezani

Mwongeli anaishi mtaa wa Tassia, Nairobi, ghorofa ya nne, na mumewe Kyule. Mwezi mmoja mdogo wake Jacklyne alikuwa kwao. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

Jumapili Mwongeli alipika samaki wa nyanya. Waliobaki aliwatia kwenye friza. Jumatano, kabla ya kwenda kazini, aliwatoa akawaacha mezani wayeyuke. Walishinda hapo hadi jioni.

"Dada, njaa inaniuma," Jacklyne alisema.

Mwongeli aliwapasha moto haraka. Mchuzi ulikuwa vuguvugu tu. Jacklyne akala peke yake.

Asubuhi alianza kutapika na kuhara. Kufikia saa tatu hakuweza kusimama.

"Dada," alinong'ona, "mtoto hachezi."

Mwongeli alikimbia kumwita jirani yao Triza, muuguzi. Triza alitazama midomo ya Jacklyne. Ilikuwa imekauka.

"Twende hospitali sasa hivi!"

Ndani ya teksi Mwongeli aliweka kiganja juu ya tumbo la mdogo wake. Akangoja. Hakuhisi kitu.

Hospitalini Jacklyne alitundikiwa dripu. Daktari akaweka kifaa tumboni. Kimya. Akakisogeza. Kimya. Akakisogeza tena, na moyo wa mtoto ukasikika, ukidunda mbio.

Mwongeli alikaa sakafuni, akalia.

"Ni mimi niliyempa samaki," alimwambia Triza. "Lakini alikuwa kwenye friza!"

"Friza haiui vijidudu, mama. Huvilaza tu. Mezani viliamka vikaongezeka."

"Ningemchemsha sana je?"

"Hapana. Vijidudu huacha sumu, na sumu nyingine haiondoki hata kwa moto. Aliyeshinda nje, mtupe."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukishapika, mgawe kwenye mikebe midogo apoe upesi. Kabla saa mbili hazijaisha, mfunike umtie kwenye friza. Ukitaka kumla kesho, mhamishie leo kwenye friji, ayeyukie humo. Halafu mpashe moto mpaka mchuzi uchemke na mnofu utoe mvuke hadi ndani. Mara moja tu. Akibaki, usimrudishe."

Jacklyne alipona. Wiki tano baadaye alijifungua msichana mwenye afya. Siku aliyotoka hospitalini, Mwongeli alimwandalia samaki. Jacklyne aliitazama sahani bila kuigusa.

"Dada, huyu aliyeyukia wapi?"

"Kwenye friji. Na amechemka. Mpasue uone."

Jacklyne alimpasua polepole. Mvuke ukampanda usoni. Akapuliza tonge, akala.