Kovu Lililoimbwa Uingereza Nzima

“Colin, uliniapia hutaandika kitu cha kunitambulisha.”

“Jina lako halimo kwenye wimbo.”

“Kovu langu limo. Alama ya kuungua na birika, pale jua lisipofika. Nani mwingine analo?”

Glenys alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, koridoni kwake Wolverhampton. Redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba wimbo wa bendi umepanda tena, sasa ni wa tatu nchi nzima. Aliyeutunga ni Colin, mpiga gitaa la besi, hawara yake wa siri tangu kiangazi kilichopita. Aliyeuimba ni Vince, mume wake.

“Vince ameuimba miezi yote hii, amegundua nini?” Colin akasema. “Yule anajisikiliza sauti tu. Mpe bei za nyama buchani, ataziimba vilevile na wasichana watalia.”

“Na siku akiyasikia maneno?”

“Hatayasikia. Tulia basi, mpenzi.”

Atulie wapi? Hata muuza maziwa aliupiga mluzi mlangoni, Glenys akajihisi amevuliwa nguo barabarani.

Jumatano bendi ikaenda London kurekodi kipindi cha televisheni. Vince akarudi kesho yake mchana, akala viazi vyake. Jioni, kipindi kilipokaribia kurushwa, akavuta kiti karibu na mkewe.

“Njoo tuangalie wote.”

“Umechoka, Vince. Kalale kidogo.”

“Kaa, Glen.”

Akakaa. Vince akatokea kwenye kioo na suti inayometameta, akichezesha midomo huku santuri ikiimba. Ndivyo kipindi kile kilivyo, haimbi mtu, mnaigiza tu. Ulipofika mstari wa birika, midomo ya Vince ikafunga. Sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye. Akasimama akiisikiliza, kisha akageuka taratibu kumtazama Colin. Vijana studioni wakacheka, wakidhani ni utani.

Glenys akamgeukia mumewe. Hayo yalirekodiwa jana. Mchana, alipokuwa akila viazi vyake, Vince alikuwa anajua kila kitu.

“Sikuwahi kuusikiliza,” Vince akasema. “Ukiwa unaimba unawaza pumzi tu. Jana sikuwa na kazi nyingine.”

“Vince, nakuomba...”

“Ulimpenda?”

Angedanganya nini, na kovu lake linaimbwa kila nyumba?

“Nilimpenda,” akasema, machozi yakimtiririka. “Nisamehe.”

Vince akainuka, akazima televisheni.

“Colin hajui kama najua. Nilimshika bega, nikampongeza kwa utunzi mzuri.” Akarudi kukaa palepale, karibu naye. “Jumamosi tunaanza ziara. Utakuja, utakaa mstari wa mbele. Nitauimba nikikutazama, na yeye atapiga besi pembeni yangu. Kila jioni.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka watu wauchoke,” Vince akasema. “Na wanaupenda sana.”