Tonge la Bibi Bunnam

Nyumba iliyofungwa miezi mitano hainuki wali wa moto. Itanuka ukungu, itanuka panya, basi. Lakini Gitae alipousukuma mlango wa nyumba ya marehemu bibi yake Bunnam, kilichowapiga puani yeye na mkewe Dajeong kilikuwa harufu ya wali uliopakuliwa sasa hivi, na chini yake harufu nyingine, ya kinywa cha mzee ambaye hajavua meno ya bandia tangu juzi.

"Majirani wanapika," Gitae alisema.

"Saa nne hii?"

"Kwani kuna sheria?"

Dajeong hakutaka ubishi. Alimteremsha mtoto mgongoni, akamlaza juu ya godoro dogo sakafuni. Soyul alikuwa na miezi mitano na hajaonja kitu duniani ila maziwa ya mama yake. Walikuja kwa siku moja tu kuhamisha vitu, maana kesho yake mnunuzi alikuwa anachukua funguo ageuze nyumba kuwa duka la aiskrimu. Kijiji kizima kilikuwa kinaishia hivyo. Zamani watu walikikimbilia kilima hiki cha jiji la Busan kwa sababu ya ufukara, wakabandika nyumba juu ya nyumba; siku hizi kuta zimepakwa waridi, samawati na manjano, na watu wanatoka mbali kuja kupiga picha nguo za ndani za wenyeji zilizoanikwa. Hata saa hiyo msichana mmoja alikuwa amechomoza kichwa dirishani na simu yake kwenye kijiti, anatabasamu.

"Unatafuta nini, dada? Choo kiko huko chini!" Gitae alimkemea, na msichana akapotea. Kisha akajitwika kabati la viatu, akaanza kushuka ngazi kwenda kwenye pikapu.

Dajeong alibaki anakunja mablanketi. Juu ya rafu, karibu na dari, palikuwa na mtungi mdogo wa udongo uliofunikwa karatasi nyeupe na kufungwa uzi. Aliushusha, akaufungua, akajuta. Ulikuwa umejaa mchele, lakini mchele gani huo! Ulikuwa wa kijivu, umeshikana kwa utando, na katikati yake fukusi wanapishana na funza wanene wenye vichwa vyeusi. Mmoja alimpanda kidole. Dajeong alipiga ukelele, akatoka mbio hadi uchochoroni, akaumwaga wote kwenye pipa la makombo, juu ya maganda ya tikiti na vichwa vya dagaa. Alinawa mikono mara tatu kwa sabuni, na bado aliisikia ile miguu midogo ikimtambaa.

Aliporudi ndani alisikia mtu anatafuna.

Alikuwa anatafuna polepole, kwa fizi, mdomo wazi, mate yakilia, kama wazee wanavyotafuna wakiwa peke yao. Chumba kilikuwa kitupu. Soyul alikuwa amelala chali, anatazama pembeni kuliko na ukuta mtupu, anacheka, na shavu lake moja limetuna.

Dajeong alimtia kidole kinywani. Kilitoka na wali. Wali uliokwisha kutafunwa, laini, wa vuguvugu, unavutika nyuzi za mate, na ndani yake unywele mrefu mweupe. Aliuvuta unywele ule, ukaja, ukaja, mtoto akicheua, mpaka ukafika urefu wa mkono. Alitapika pale pale kwenye beseni.

"Umempa nini mtoto?" alimvamia Gitae mara tu alipoingia.

"Mimi? Mimi nilikuwa chini nabeba vitu!"

"Nani basi? Tazama! Tazama uchafu huu!"

Gitae alitazama kile kiganja cha mkewe, na uso ukampauka. Akakaa chini.

"Mama Soyul," alisema kwa sauti ndogo, "bibi ndiye aliyekuwa akinifanyia hivyo. Mama alikuwa kiwandani, bibi ananilea. Alikuwa ananitafunia wali, anautema kiganjani, ananilisha. Mpaka nikafika miaka minne."

"Na ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa mtoto!"

"Mama yangu! Na mimi mdomo huo naubusu kila siku." Alikuwa anataka kucheka, akashindwa. "Tuondoke. Vitu viachwe. Sasa hivi."

Alimbeba mtoto, akavuka kizingiti. Hapo hapo Soyul akafunga pumzi. Midomo ilimgeuka ya zambarau, macho yakatoka, mikono midogo ikawa inapapasa hewa. Dajeong alirudi ndani kwa kishindo, na mtoto akapumua. Gitae naye akamchukua mtoto, akajaribu tena, ikawa vile vile. Wakajifungia ndani. Dajeong alitoa titi amtulize, lakini mtoto alilisukuma, akageuza shingo kuutazama ukuta, akaachama. Ile harufu ya kinywa ikasogea, ikawazunguka, kitunguu saumu cha jana na dawa ya kuchua na fizi zilizooza, ikasogea mpaka Dajeong akaihisi pumzi yenyewe ikimlowesha shavu, na mbele ya macho yao wote wawili, mchana kweupe, huku nje wageni wanacheka na kuhesabu moja mbili tatu kabla ya picha, midomo ya mtoto ilisukumwa kama kwa vidole, shavu la kushoto likajaa, la kulia likajaa, koo likavimba, na mtoto akawa anameza kitu kikubwa kuliko koo lake.

Gitae alimpindua, akampiga mgongoni. Tonge la ukubwa wa yai likaanguka sakafuni, pwa!

"Limekuwa kubwa," Dajeong alinong'ona. "Lijalo litamuua."

Mlango uligongwa. Alikuwa Bibi Chilsun wa nyumba ya mkabala, jirani wa marehemu kwa miaka hamsini, amekuja kuuliza kelele za nini. Hakuuliza tena. Alivuta pumzi mara moja, akaziba pua.

"Bunnam," alisema. Kisha akaangalia rafu. "Mtungi uko wapi?"

"Ulikuwa na funza, bibi. Nimeumwaga."

"Umeumwaga wapi?"

"Kwenye... pipa la makombo."

"Loo! Wewe binti, wewe!" Bibi kizee alijipiga paja. "Kile ni chakula cha wakubwa wa nyumba waliokufa! Kikiota funza kinabadilishwa, mchele mpya unaingia, wa zamani unaliwa na wenye nyumba. Wewe umemwekea Bunnam chakula chake kwenye vichwa vya dagaa. Na wewe, Gitae, ulikuwa wapi? Hukujua?"

"Nilisahau," Gitae alisema, na kweli alikuwa anaona haya.

Bibi Chilsun aliwahi nyumbani kwake, akarudi na kata ya kibuyu na kisu cha jikoni. Katani alitia wali, maji, chumvi na pilipili ya unga, akamkata mtoto nywele tatu akazitia humo, akamwambia mama yake ateme mate mara tatu. Kisha alikizungusha kisu juu ya kichwa cha Soyul.

"Kula ushibe uondoke! Usipoondoka nakutoa matumbo! Haya, nenda!"

Alimwaga uji ule mlangoni, akakirusha kisu. Kilianguka ncha ikitazama ndani, yaani hajatoka. Alikirusha tena. Ndani. Mara ya tatu kiligeuka chenyewe sakafuni, kikikwaruza, kikaielekeza ncha kwa mtoto.

Bibi Chilsun aliketi. Alionekana mzee ghafla.

"Hii ni dawa ya mizimu ya njiani. Huyu hapa ni kwake. Halafu namjua, Bunnam hakuwahi kula kabla ya kulisha. Ana njaa, na tonge lake halijamezwa. Hatoki mpaka limezwe."

"Mtoto akilimeza anakufa!"

"Sikusema mtoto."

Gitae aliliokota lile tonge sakafuni. Lilikuwa bado la moto, na mate yakamchuruzika vidoleni. "Mimi ndiye mjukuu," alisema, akafumba macho, akalitia mdomoni. Alilizungusha mara moja, mabega yakamruka, na vyote vikamtoka, tonge na chai ya asubuhi. Akajaribu tena, akatapika nyongo. Mwanamume aliyekuzwa kwa tonge hilo alishindwa nalo.

Na Soyul akaachama tena.

Safari hii Dajeong hakungoja. Mashavu ya mwanawe yalipotuna aliweka mdomo wake juu ya mdomo ule mdogo, akanyonya kwa nguvu zake zote. Tonge lilikuja zima. Lilikuwa laini na lenye utelezi, lina nywele, lina kitu kinachojikunja katikati yake, na ladha ya meno yaliyolala kwenye glasi ya maji wiki nzima. Koo lililikataa. Alilisukuma kwa kidole, machozi yanamtoka, akameza.

Kisu kiligeuka. Ncha ikatazama nje, mlangoni, kwenye ngazi za rangirangi.

Soyul alilia, kilio kizuri cha mtoto mwenye njaa. Harufu ilikuwa imekwisha. Gitae aliwakumbatia wote wawili, analia naye, na Bibi Chilsun akawafukuza washuke upesi.

Walishuka hadi kwenye pikapu. Gitae alimfunga mtoto kwenye kiti chake, akawasha gari.

"Panda basi, mama Soyul."

Dajeong alitaka kumjibu, akakuta kinywa kimejaa. Kilijaa wali wa vuguvugu, na taya zake zilikuwa zinautafuna zenyewe, polepole, wala hakuona kinyaa. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Aliutema mtaroni, na kabla hajafuta midomo kikajaa tena. Ndani ya gari Soyul aliuona mdomo wa mama yake ukicheza, akanyoosha mikono, akaachama.

"Funga mlango," Dajeong alisema huku ameziba mdomo kwa kiganja. "Mpeleke kwa mama yako, kule Daegu. Usinisubiri, na nikija usinifungulie."

"Unasema nini wewe? Mtoto ananyonya! Atakula nini?"

Hakuweza kumjibu, kinywa kilikuwa kimejaa. Alilipiga bati la gari mara mbili kumwambia aende, akageuka, akaanza kupanda ngazi.