Fingo la Bi Hajira

Jioni ile nilimtuma Hiza maji. Ndoo mbili tu, kisimani, arudi tukoroge saruji. Laiti ningekwenda mwenyewe!

Ilikuwa mwaka 1974. Mimi na Hiza tulikuwa tukikarabati duka tupu pale Manundu, Korogwe. Mwenyewe, Bi Hajira muuza vitambaa, alihamia kijiji cha ujamaa huko Handeni na ndugu zake, na sasa ushirika ulitaka kuingia Jumamosi. Tulishakwangua chokaa ya zamani na kupiga lipu. Ilibaki sakafu.

Kabla ya hayo maji, nilikuwa nachimba kizingiti. Jembe likagonga chungu kidogo, kimefukiwa kifudifudi. Ndani mlikuwa na majivu, kitambaa cheusi na nywele.

"Usiguse, Ponsiano," Hiza akasema. Yeye Mzigua, mambo hayo kayakuta kwao. "Fingo hilo, linalinda nyumba. Hulitoa aliyelizika, au mtu wa damu yake. Twende Handeni tukamwite bibi."

"Handeni! Na sakafu ikauke lini?"

"Basi lirudishe lilipokuwa."

"Haya, nitalirudisha. Kalete maji."

Akaenda. Nami sikulirudisha. Nilikuwa na haraka, na kiburi changu cha ufundi, sitaficha. Nilikipasua kile chungu kwa nyundo, vigae nikavitupa kwenye kokoto, majivu nikayafukia kwa koleo.

Harufu ikapanda... Nywele zinaungua. Na moto hakuna!

"Hodi..."

Bibi mmoja alikuwa amesimama nje, kajifunika kaniki mpaka machoni. Hatua zake sikuzisikia.

"Shikamoo, bibi."

Alikitazama kizingiti.

"Nani kavunja?" akanong'ona.

Barabarani hapakuwa na mtu, na jua lilikuwa linazama. Nikataja jina. Si langu.

"Hiza."

"Hiza..." akarudia taratibu, kisha akashika njia ya kisimani.

Nilipaswa kumkimbilia mwenzangu. Miguu ilikataa, au mimi ndiye niliyekataa. Hiza alirudi na ndoo zake, anacheka.

"Nimepishana na bibi mmoja, kaniuliza jina, kanipa mkono. Wallahi, mkono wa baridi ule! Fingo umelirudisha?"

"Nimelirudisha."

Akaniamini. Tukamwaga saruji.

Asubuhi vidole vyake havikukunjika. Siku ya tatu mkono wote ulikuwa mweusi, umekauka kama ukuni. Hospitali walimchoma sindano, wapi! Ndipo mkewe, Mwantumu, akamwita Mzee Mdoe, mganga wa kutoka Handeni.

Mzee Mdoe aliunusa ule mkono, akasikiliza habari za chungu, akatikisa kichwa.

"Bi Hajira tumemzika mwezi uliopita," alisema. "Aliyevunja na akiri kwa kinywa chake, hapa hapa, huyu mgonjwa atapona. La sivyo, Ijumaa hataiona."

Ilikuwa Jumatano.

"Nikiri nini, mzee?" Hiza akahema. "Mimi sikuligusa. Ponsiano alilirudisha, muulizeni."

Wote wakanigeukia. Nikafungua kinywa. Nikautazama mkono wa Hiza... nikautazama na wangu, mzima, vidole vitano vya kushika mwiko.

"Nililirudisha," nikasema.

Hiza akaitikia kwa kichwa, kama vile nimemtetea. Ee Mungu wangu! Nilitoka nje. Mwantumu akanifuata, macho yamemvimba kwa kulia.

"Shemeji, mlikuwa wawili tu. Kama si wewe, ni yeye. Mbona mume wangu hataki kusema kweli? Anataka kufa aniache?"

Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, na niliijua.

"Mbembeleze, shemeji," nikamwambia. "Atasema."