Aliyekaa Pembeni ya Ubao

Jua lilikuwa linazama wakati binti mmoja akipanda ngazi kwenda kwenye usaili wa kazi. Nyumbani walimwita Fundi, maana utotoni alifungua redio ya baba yake amtafute mtu anayeongea mle ndani. Sasa alikuwa anaandika programu za kompyuta, na kazi hana.

Alishaapa. Akishindwa leo, anafunga kompyuta yake moja kwa moja na kwenda kuuza vifuniko vya simu dukani kwa shangazi. Si kwamba hajui kazi. Anaijua sana tu! Lakini kila usaili, akisimama mbele ya ubao, kitu humnong'oneza nyuma ya sikio, na kichwa kinabaki kitupu.

"Woga tu huo," kaka yake, naye wa kazi hiyo hiyo, alimwambia. "Ukikwama, fanya kama sisi kazini. Weka kikombe mezani, ukielezee programu yako mstari kwa mstari. Kosa litajitokeza lenyewe."

Wasaili walikuwa wawili, mama wa miwani na kaka mwenye ndevu. Pembeni ya ubao palikuwa na kiti kitupu.

"Andika programu ya kutafuta neno lililojirudia kwenye sentensi," mama alisema.

Fundi akaanza kuandika. Mara... harufu. Nywele zilizoungua.

Kiti kikalia. Kwiii...

"Wewe hujui kitu, hujui..." sauti ikamnong'oneza nyuma ya sikio.

Akageuka.

Kiti kilikuwa na mtu. Amevaa gauni lake Fundi, lile la usaili wa kwanza. Na viatu vyake vya siku ile. Ila uso hakuwa nao. Palikuwa laini kama kiganja.

Kalamu ikamponyoka. Wasaili wameinamia meza. Akaona duka la shangazi, vifuniko vimening'inia, na yeye kaketi chini yake hadi uzeeni.

Hasira zikampanda. Alaa! Akeshe anasoma miaka yote, halafu kisicho hata na mdomo ndicho kimwambie hajui?

Kikombe hakikuwepo. Akaokota kalamu, akakigeukia kile kitu.

"Haya, sikiliza wewe, na usinikatize! Programu inachukua neno, inauliza: nimeshaliona? Kama bado, inakwenda kwenye linalofuata. Tujaribu na sentensi yako mwenyewe."

Akapitisha kidole ubaoni. Wewe. Hujui. Kitu.

Programu ikaishia hapo. Neno la mwisho haikuligusa kabisa.

"Ahaa! Kosa hili hapa!" Akafuta, akaandika upya. "Sasa inafika mpaka mwisho. Lililojirudia ni hujui. Asante kwa msaada, mshenzi wewe."

Kwiii...

Kiti kitupu.

Mama wa miwani akainua kichwa taratibu. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Kazi umepata," akanong'ona. "Lakini mwanangu... kile huwa hatukisemeshi. Huwa tunatazama meza tu."

"Kwani mnakijua?"

Kaka mwenye ndevu akafuta jasho. "Mimi kilinijia kimevaa sare yangu ya shule. Kiti tumeshakitupa mara nyingi. Kinarudi."

Fundi akashuka ngazi, giza limeshaingia. Nyuma yake, ko... ko... ko... Aliijua sauti ile. Viatu vyake vya zamani.

Hakukimbia.

"Njoo," alisema bila kugeuka. "Kazini nitahitaji wa kumwelezea."