Safari ya Dali

Mtu akila kiapo, hajui ni nani aliyeketi kusikiliza. Haya yalitukia kijiji cha Kamuli, upande wa Bukoba, mwaka wa tatu tangu askari warudi kutoka vita vya Burma, nyumbani kwa Projest Kaijage. Nayo yalianza kwa jambo dogo la nyasi.

Kokwijuka, mkewe, alitandaza nyasi mbichi sakafuni kila Jumamosi, kama ilivyo ada ya nyumba yenye heshima. Jumamosi moja alitoka kwenda kukata mkungu wa ndizi. Aliporudi saa tisa mchana, alikuta nyasi zimelazwa na nyayo za mtu mzima, peku, zenye maji, kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda cha mgeni. Nyayo za kutoka hazikuwapo.

"Baba Placidia, uliingia ndani?" alimwuliza mumewe.

"Mimi? Mimi mtu wa viatu, mama. Kamuli nzima inajua."

Ilikuwa kweli. Buti zake za ngozi nyekundu zilisifiwa mpaka kanisani. Alisema alizawadiwa na ofisa kwa ushujaa wake, na kwa sababu hiyo katekista humsogezea nafasi benchi la mbele.

Jumamosi ya pili nyayo zilirudi, pamoja na harufu ya dawa ya vidonda na majani yaliyooza kwa mvua isiyo ya nchi ile. Jumamosi ya tatu binti yao, Placidia, mwenye umri wa miaka mitano, aliketi kando ya kigoda kile akicheka peke yake. Alipoitwa kula, hakuweza kusimama. Miguu yake, toka magotini hadi vidoleni, ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Projest alijua. Alikuwa amejua tangu unyayo wa kwanza, akaficha.

Walimwita Bibi Kemilembe, mjane aliyezijua mila za kale na ambaye hata hivyo hakukosa misa. Aliipapasa miguu ya mtoto, kisha akaifunika kwa kanga.

"Huyu haumwi. Huyu ameshikwa badala ya mtu. Projest, ulikula buni na nani?"

"Bibi, mimi ni Mkristo. Padri alikataza mambo hayo."

"Sikukuuliza padri alikataza nini. Ninyi mliotoka vitani mnadhani Mungu mlimwacha bandarini?"

Projest aliinama, akasema nusu ya habari. Alipolazwa hospitali ya jeshi, mpakani mwa Uhindi na Burma, kwenye kitanda cha jirani alikuwapo askari Mchina aliyeitwa Yang, mwenyeji wa Dali, mji wa kale wa kusini-magharibi mwa China. Walisemezana kwa ishara na Kihindi cha kambini. Kwa kuwa Projest alikuwa na buni za kwao mkobani, walifunga mukago, undugu wa damu: walichanjana chini ya kitovu, wakaipasua buni moja, kila mmoja akaipaka nusu yake damu na kumlisha mwenzake. Kisha Yang akazidiwa. Akamwomba nduguye aende Dali, amwone mama yake, amwambie mwanawe amelala wapi.

"Ukaenda?"

"Njia ilikuwa ndefu, bibi."

"Basi nenda sasa. Ndugu wa mukago hafukuzwi kwa ngoma wala kwa maji ya baraka. Anataka kutembelewa." Kemilembe akazitazama zile buti. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu," alisema Projest, na masikio yakamwaka moto.

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Desderius, ambaye peke yake kijijini alikuwa na kitabu cha ramani.

"China!" mwalimu alicheka. "Hapa kwetu mtu akifika Bukoba anatusimulia mwaka mzima. Wewe ukirudi kutoka China tutakukimbia wote!"

Hata hivyo alichukua uzi, wakapima: lori mpaka Bukoba, meli mpaka Kisumu, treni mpaka Mombasa, meli ya Kalkuta, treni ya Asam, kisha barabara ya milimani. Uzi ulipogusa mahali ulipo mji wa Dali, Placidia, kule nyumbani, alipiga kelele kwamba vidole vyake vinawasha. Vilikuwa vimepata joto.

Tangu siku hiyo Projest alipanga safari kwa bidii. Alishona mkoba, alikausha ndizi za njiani, alimwandikisha mwalimu barua ya kuomba hati ya kusafiria. Kila alipopanga jambo, mtoto alipiga hatua moja. Lakini siku ya kuondoka ilikuwa baada ya kuchuma kahawa. Kisha ikawa baada ya Pasaka. Kisha baada ya mvua. Barua aliificha juu ya dari, haikutumwa. Nabii Yona aliukimbia mji aliotumwa kwa kupanda merikebu. Projest aliukimbia wa kwake akiwa amekaa kitako, uzi wa ramani mkononi.

Alasiri moja ya mvua walikuwamo ndani watu watano: yeye, mkewe, mtoto, Bibi Kemilembe na mwalimu aliyeleta ramani. Placidia, aliyekuwa ameanza kutembea, aliketi ghafla.

"Tata," alimnong'oneza baba yake, "anauliza safari ni siku gani."

"Nani, mwanangu?"

"Huyu asiye na viatu."

Kigoda kilichokuwa kitupu kikalia kama kinavyolia mtu anapoinuka, na ile harufu ya dawa na majani yaliyooza ikajaa nyumba hata moto ukafifia, na nyasi zikaanza kulala, unyayo baada ya unyayo, polepole, kama aendavyo mgonjwa aliyetoka kitandani bila ruhusa, nyayo zikipita mbele ya mwalimu aliyekumbatia kitabu chake, zikipita mbele ya Kokwijuka aliyeshika nguzo kwa mikono miwili, zikimwelekea mtoto ambaye sasa ubaridi ulikuwa umempanda hadi kiunoni na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Mwache!" Projest alianguka kifudifudi. "Nitasema! Buti hizi ni zake. Alilala nazo miguuni akiogopa wezi; nilimvua kabla hajafa. Alikuwa akinitazama. Aliniita ndugu, kwa neno la lugha yetu, Kinyambo, nililomfundisha mwenyewe, nami nikaendelea kufungua kamba. Nywele alizonipa nimpelekee mama yake nilizitupa baharini. Na sikukusudia kwenda Dali. Hata siku moja!"

Kokwijuka aligeuza uso ukutani. "Miaka mitatu," alisema taratibu, "nimezisugua kwa mafuta. Kila Jumamosi. Nikiwaambia wenzangu mume wangu ni shujaa."

Mvua ikakatika. Harufu ikaondoka. Placidia akasimama, akatembea mpaka mekoni bila kushikwa.

"Asifiwe Mungu!" alisema mwalimu, lakini hakumtazama Projest. Hapakuwa na aliyemtazama.

Bibi Kemilembe hakufurahi. Alichuchumaa karibu na mtoto, ambaye kwa kidole alikuwa akichora majivuni: ukuta wenye malango manne, mlima nyuma yake, ziwa mbele, na minara mitatu mirefu.

"Mwalimu, hii ulimfundisha wewe?"

"Ramani yangu ina nukta tu, bibi. Nukta na jina la Dali."

"Mjukuu wangu," Kemilembe aliuliza kwa sauti ya chini, "mgeni amekwenda?"

"Hajakwenda. Anasema Tata asilie, kwani undugu huu hurithiwa na watoto." Aliongeza mtu mdogo langoni, mama mzee aliyeinama akingoja, akapuliza kwa upole majivu yaliyomziba. "Miguu amenirudishia kwa sababu safari sasa ni yangu."

Projest alifungua kinywa apate kukataa, akamwona mkewe anamtazama, akainama kufungua kamba za buti.